Re: Damu iko safi, amiloidi ya ngozi inatoka wapi?
Habari mkuu. Umeuliza inakuwaje vipimo vya damu viko safi ila baiopsi (kipimo cha kipande cha ngozi) ya mguu imekuta amiloidi, yaani protini zilizojikunja vibaya na kurundikana. Cheki kwanza ripoti imeandika aina gani. Kama ni vile vipele vigumu vinavyowasha, au madoa ya kahawia mgongoni, haitoki kwenye damu, inatengenezwa hapohapo: unajikuna, seli za juu za ngozi zinaumia na kufa, keratini yake (protini ngumu ya ngozi) inashuka tabaka la chini, inajikunja vibaya inakuwa nyuzi ambazo mwili unashindwa kuzisafisha. Mimi ninayo kwenye miundi, nikidhibiti muwasho vipele vinalainika kabisa. Ila kama ni ya mabonge hiyo ni nyingine, inatokana na protini za seli za plazma (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili), damu na mkojo viendelee kufuatiliwa, usipuuzie hata kidogo.