Ukija kufanya kazi Alice Springs, vijue virusi vya HTLV-1

Wauguzi wenzangu wa kutoka nyumbani wakipata kazi huku Australia ya Kati, huniuliza habari za mshahara, joto na nzi. Hayo mtayazoea. Mimi nawaomba msome kuhusu HTLV-1 kabla hamjapanda ndege. Chuoni tulifundishwa VVU mpaka tukaviota usiku, ilhali HTLV-1 ndivyo virusi vya kwanza vya kundi la VVU (retrovirusi) kugunduliwa kwa binadamu, mwaka 1980. Katika baadhi ya jamii za Waaborijini (wenyeji asilia) wa jangwani, zaidi ya asilimia 40 ya watu wazima wanavyo.

Virusi hivi hujipachika kwenye vinasaba vya chembe nyeupe za damu, kama VVU. Tofauti ni kwamba VVU huziua chembe hizo, lakini HTLV-1 huzichochea zigawanyike, na kila chembe inayozaliwa inatoka na virusi ndani yake. Wengi huishi navyo hadi uzeeni bila kuugua. Wachache hupata saratani ya damu, au uti wa mgongo huvimba, miguu ikakakamaa na mkojo ukawa shida. Huku kwetu, mapafu ndiyo yanayoumia sana: njia za hewa hutanuka, makohozi hutuama humo, na maambukizi hayaishi.

Basi akija mama wa makamo na kikombe cha makohozi ya kijani, ncha za vidole zimevimba kama vijiti vya ngoma, na faili lake limejaa antibiotiki, usimwandalie dozi nyingine ukamuaga. Mwambie akohoe, kisha sikiliza kifua tena. Kama bado kinakoroma, mwombee rufaa ya CT, picha ya kina ya mapafu.

Jambo la pili, na hili hunitia hofu zaidi: minyoo ya *Strongyloides*. HTLV-1 hudhoofisha upande wa kinga unaopambana na minyoo. Mgonjwa akipewa prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, bila kupimwa minyoo hiyo, viluwiluwi husambaa hadi mapafuni na kubeba bakteria wa utumbo kuingia kwenye damu. Watu hufa hivyo. Uliza kipimo, uliza ivermektini, dawa ya minyoo, hata kama daktari ana haraka.

Usimwambie mtu ana ugonjwa "kama UKIMWI", hatarudi. Tafuta mkalimani, na mambo ya wanawake yasemwe na mwanamke.

Kunyonyesha ndiko kugumu, kwani virusi hupita kwenye maziwa ya mama. Nagasaki, Japani, tangu 1987 wajawazito hupimwa na wenye virusi hushauriwa wasinyonyeshe, na maambukizi kwa watoto yameshuka sana. Lakini kijijini, ambako kopo la maziwa ni ghali na watoto huharisha mara kwa mara, ushauri huo hauhamishiki hivihivi. Kunyonyesha kwa muda mfupi pia hupunguza hatari kuliko kunyonyesha kwa muda mrefu. Mweleze mama njia zote mbili, bibi yake akiwepo kama mwenyewe anataka, na umpe muda wa kuamua.