Karavani ya wazungu kwa milioni nne, ninunue ama niache?

SWALI: Salaam aleikum mzee wa safu hii. Niko hapa Tororo, nauza chai na chapati karibu na stendi ya mabasi. Kuna karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, imekaa nyuma ya nyumba moja ya wamisheni, wazungu wenyewe waliondoka zamani sana wakaiacha, sasa mwenye kiwanja anataka shilingi milioni nne nimtolee hiyo kitu hapo. Mbele imeandikwa Sprite. Matairi yamekwisha lakini ndani iko na kitanda, makabati na sinki, hata pazia bado ziko. Mimi nataka niitengeneze niipeleke Sipi niwe nalaza watalii wanaokuja kuona maporomoko. Baba watoto anasema nimerogwa. Ninunue? – Mama Shamim, Tororo

JIBU: Waaleikum salaam Mama Shamim. Hujarogwa, ila pazia zimekushika macho. Kila mtu anayenunua karavani ya kizamani anaingia ndani kwanza, anaona kale kasinki na vikabati vidogo vidogo, moyo unayeyuka, pesa inatoka. Mimi ilinipata hivohivo.

Anza na kujua hiyo kitu imetengenezwa vipi. Sprite ni aina ya karavani ya Uingereza, ilianza 1949, mwenyewe Sam Alper alikuwa anataka karavani ambayo hata mtu wa mshahara mdogo ataweza, kwa hiyo akafanya nyepesi na rahisi. Wepesi huo unatoka wapi? Ndani kuna fremu ya mbao nyembamba, nje wamevalisha bati la alumini, ndani plaiwudi. Ile alumini unayoiona inang'aa ni kanzu tu, mwili ni mbao, na mtu unaweza kumkuta na kanzu safi kumbe chini ya kanzu ni mgonjwa wa kufa. Alumini hailiwi na kutu kama chuma, ndo maana karavani inaweza kuonekana nzuri kwa nje miaka na miaka na mbao zote zimekwisha kuwa unga.

Sasa usiende kuiangalia siku ya jua. Ngoja mvua kubwa inyeshe usiku, asubuhi yake uende, mwambie afungue mlango halafu usiseme kitu, vuta pumzi. Ikinuka kama gunia la mihogo lililolowa, ushajua. Alafu chukua kidole gumba ubonyeze kuta, hasa chini ya dirisha la mbele, kwenye kona zote, kuzunguka kile kidirisha cha juu ya paa, na nyuma ya makabati pale ambapo mwenye mali hataki ufike. Ukuta mzima unagoma, ukuta uliooza unazama kama mkate uliochovywa kwenye chai, na hiyo chai wewe unaijua kuliko mimi. Kama una jamaa anayeuza mbao muulize kama ana kile kimashine cha kupima unyevu, ikisoma chini ya 15 kwa mia uko sawa, ikipita 20 maji yanaingia mahali, ikipita 30 hapo hesabu mbao ya kubadilisha.

Na kwetu kuna balaa lingine ambalo Waingereza hawalijui, mchwa. Karavani iliyokaa miaka chini ya mwembe, matairi yamezama, miguu ya kuegemea imeingia kwenye udongo, hizo zote ni ngazi za mchwa. Lala chini kabisa, vaa kitenge cha zamani, angalia sakafu kwa chini kama kuna zile njia za udongo. Ukiziona, chukua bisibisi uchome hapo hapo mbele ya mwenye mali, usimwonee haya, ikiingia mpaka kwenye mpini bei imeshuka yenyewe.

Ukiwa huko chini gonga na chasi kwa nyundo. Kutu ya juu juu ni kawaida, inayodondoka vipande vipande kama maganda siyo kawaida. Ekseli pia uitazame, nyingine ndani ya lile bomba la ekseli wameweka raba badala ya springi, na raba ya miaka hamsini imekufa, utaona tairi limepanda juu limekaribia kugusa bodi. Usihangaike kuifufua, mafundi wa Katwe pale Kampala watakukatia wakufungie ekseli nyingine ya springi za majani, vile vyuma bapa vinavyopangwa juu kwa juu, wanafanya hiyo kazi kila siku kwenye matrela ya kubeba mizigo. Lakini usiwaachie waguse alumini na ile welding yao ya kawaida!! Inatoboka kama karatasi. Alumini inataka welding ya gesi ya agoni ama, kitu cha rahisi zaidi, riveti.

Kuhusu kuziba maji nikuambie ya kwangu unicheke. Nilimpa fundi mmoja, simtaji, anizibie paa, akapaka silikoni kila mahali kama siagi. Msimu mmoja tu ikaanza kuachia, maji yakaingia kwa chini yake yakakosa pa kutokea, na nilipotaka kurudia hakuna kitu kilichoshika pale juu kwa sababu silikoni inaacha mafuta fulani hata rangi inakataa. Nilikwangua wiki mbili. Kitu cha kutumia ni ule utepe mweusi ama wa kijivu wa byutili, laini kama bazoka ya kutafuna, unatoa ile mistari ya alumini ya pembeni, unasafisha, unalaza utepe, unarudisha na skrubu mpya za stenlesi.

Kale kaubao keupe kagumu nyuma ya jiko, kama kapo, usikapige msasa wala kukavunja. Karavani za zamani nyingine waliweka asbesto hapo, vumbi lake linaua mapafu. Na mipira ya gesi yote tupa, nunua mipya, na yale matundu ya chini kwenye sakafu watu wanayaziba wakidhani ni ya panya, usizibe, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatokea huko.

Bei sasa. Milioni nne kwa kitu ambacho mwenyewe anataka kiondoke kwake ni nyingi, mpe moja na nusu, akikasirika mpe chai. Mimi hesabu yangu, kila milioni moja ya kununua tengea tatu za kutengeneza. Na kwa sababu yako itakaa Sipi palepale haitembei, huna haja ya kuhangaika na breki na taa, ibebe juu ya lori, usiivute na gari ya shemeji, ile Noah, mpaka huko Kapchorwa kwenye hiyo Sipi. Huko juu mlima Elgon mvua ni nyingi na baridi, ijengee kibanda cha mabati juu yake. Haitapendeza sana kwa picha lakini itakuwa kavu. Bado karatasi: hata kama haitembei, mwambie mwenye kiwanja aandike mbele ya LC, yaani viongozi wa mtaa, kwamba ni yake na amekuuzia, maana "wazungu waliacha" siyo hati ya mali.

SWALI: Mzee, binamu yangu yuko Marekani amepata Airstream, karavani ya Kimarekani, ya miaka ya 70 anataka kunitumia kwa kontena. Unaonaje? – Abu, Bombo

JIBU: Abu, sheria ya 2018 ya hapa Uganda ilifunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi, kwa hiyo kabla binamu hajatoa hata dola moja pata jibu la maandishi kutoka URA, watu wa kodi, kama trela inapita. Ikipita, jua kwamba mlango wake uko upande wa kulia, huku tunaendesha kushoto, ukisimama barabarani watoto wanashukia upande ambao matatu zinapita. Umeme wake ni wa volti 120, wetu 240, ukichomeka tu umeunguza. Boli la kuvutia la kawaida la Marekani ni inchi 2, yaani milimita 50.8, letu ni 50, zinafanana kwa macho lakini hazifungi sawasawa. Airstream haina fremu ya mbao, hiyo ni nafuu kweli, ila sakafu ni plaiwudi na inaanza kuoza nyuma kabisa chini ya bampa, mwambie binamu asimame juu ya bampa hiyo aruke mara mbili tatu huku anaangalia: bampa ikicheza na bodi isitikisike pamoja nayo, vimeachana, amrudishie mwenyewe.