Muulize Serahangi: Mturuki ni wa nani?

*Shikamoo Mzee Serahangi. Mwanangu alifanya kazi na Waturuki kwenye ujenzi wa SGR, kipande cha Dar hadi Morogoro, na tangu hapo nyumbani kwetu hawasemwi vibaya. Juzi shemeji yangu kaja na hoja zake: hao watu ni vigeugeu. Wako NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya, makombora wananunua Urusi, ndege zisizo na rubani wanawauzia Ukraine, halafu wanajiita wapatanishi. Siku hiyo ubwabwa ulilika kimya. Nani kati yao yuko sahihi?*
Mama wa watatu, Kihonda, Morogoro

Marahaba, mama. Yote aliyoyataja shemeji yako ni kweli, kwa hiyo usimnyime chai. Nisichokubaliana naye ni lile jina.

Nianze na mlango wa bahari wanaoushika Waturuki, maana nimeupita. Mwaka 1994 nilikuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, kwenye meli iliyopakia mbolea Odesa kuleta Mombasa. Kutoka Bahari Nyeusi meli haina njia nyingine ila Bosphorus, na Bosphorus inapita katikati ya jiji la Istanbul. Rubani wa Kituruki alipanda kwa ngazi ya kamba, akaomba chai kabla hajauliza habari ya usukani. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama gubetini, mbele kabisa ya meli, nanga tayari kuangushwa mambo yakiharibika. Pale Kandilli upana haufiki kilomita moja, meli inakata kona huku mkondo unaisukuma kwa nyuma, na vivuko vya abiria vinakukatisha mbele kama bodaboda. Kwenye roshani ya nyumba ya mbao ukingoni, mama mmoja alikuwa anaanika mashuka. Tulikuwa karibu kiasi kwamba niliviona vibanio vya nguo mdomoni mwake.

Meli ya biashara kama ile yetu ina haki ya kupita. Manowari ni habari nyingine. Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936 ulimkabidhi Mturuki ufunguo: kukiwa na vita ambayo yeye hayumo, manowari za wanaopigana hazipiti, isipokuwa ile inayorudi kwenye kituo chake. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, serikali ya Uturuki kule Ankara ilikaa hadi siku ya nne ndipo ikalitamka neno "vita". Lilipotamkwa, kufuli likagonga. Aprili, Ukraine ikaizamisha Moskva, meli kuu ya kikosi cha Urusi cha Bahari Nyeusi. Warusi walikuwa na manowari mbili za aina ileile, Varyag na Marshal Ustinov, ziko Mediterania, ng'ambo tu ya mlango. Hazikuingia. Januari 2024 ikawa zamu ya upande wa pili: Uingereza ilitaka kuipa Ukraine meli mbili za kutegua mabomu ya baharini, nazo zikaambiwa zibaki hukohuko nje. Mtu anayewafungia wote mlango mmoja kwa karatasi ileile, mimi siwezi kumwita kigeugeu.

Hizo ndege zisizo na rubani zina historia ya kinyongo. Uturuki iko NATO tangu 1952. Mwaka 1974 ilipeleka majeshi Cyprus, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaikatia silaha. Fikiria: uko kwenye jeshi moja na mtu, halafu risasi anakunyima. Mwaka huohuo wa 1975 wakaanzisha Aselsan, kampuni yao ya vifaa vya kijeshi, na tangu hapo hawakurudi nyuma. Bayraktar TB2, ambazo Ukraine ilianza kuzinunua kabla ya uvamizi huu, ni za kampuni nyingine ya Kituruki, lakini zimeota kwenye udongo uleule.

Na makombora ya Urusi, S-400? Hapo walilipia. Julai 2019 shehena ya kwanza iliposhuka Ankara, haikupita wiki Marekani ikawatoa kwenye mradi wa ndege za kivita za F-35, ambao kwa kauli ya Rais wao Erdoğan walikuwa wameshautolea dola bilioni 1.4. Ndege hawakupewa. Mimi naona lilikuwa kosa, tena la gharama. Mtu wa katikati hupigwa pia, wala si kwamba anakula kotekote kama shemeji anavyodhani.

Kula, hata hivyo, wamekula. Vikwazo vya nchi za Magharibi hawakujiunga navyo. Gesi ya Urusi inaendelea kuja kwa bomba chini ya bahari, watalii wa Kirusi wamejaa Antalya. Na Oktoba 2022 walipandisha ada wanazotoza meli zinazopita, zile za minara ya taa na uokoaji, kutoka senti 80 za dola hadi dola 4 kwa tani. Mara tano! Mabaharia wenzangu ambao bado wako kazini walilalamika, nikawaambia mwenye mlango ana haki ya kununua kitasa.

Ila hiyo miezi ndiyo ngano nayo ilikuwa inapita. Tarehe 22 Julai 2022, katika jumba la Dolmabahçe, palepale ukingoni, Urusi na Ukraine walitia saini ya kufungua bandari za nafaka. Hawakutia saini karatasi moja. Ukraine ilikataa, kwa hiyo ziliandikwa karatasi mbili zinazofanana, kila mmoja akaweka saini yake mbele ya Uturuki na Umoja wa Mataifa. Meli zikawa zinakaguliwa Istanbul, na karibu tani milioni 33 zikatoka kabla Urusi haijajitoa Julai 2023. Mojawapo, Brave Commander, ilibeba tani 23,000 za ngano kwa ajili ya Ethiopia. Nani mwingine angewakalisha wale watu chumba kimoja? Aliyegombana na mmoja wao asingeweza.

*Mzee, kwa nini waliizuia Sweden kuingia NATO muda wote ule?*
Msomaji, Kisauni, Mombasa

Sababu ya mdomoni: Sweden inawahifadhi wapiganaji wa Kikurdi wa PKK. Na ni jambo linalowauma kweli. Sababu ya mfukoni: tarehe 23 Januari 2024 bunge lao liliikubali Sweden, na siku tatu baadaye Marekani ikaridhia kuwauzia ndege 40 za kivita za F-16. Hesabu mwenyewe.

*Tarehe 2 Machi 2022 kule Umoja wa Mataifa, Tanzania ilijizuia kupiga kura ya kuilaani Urusi, Kenya wakasema ndiyo. Si ndiyo siasa ya Kituruki hiyo?*
Mwalimu wa uraia, Muheza

Hapana, mwalimu. Uturuki ilipiga kura ya ndiyo, pamoja na nchi 140 nyingine. Iliilaani Urusi mchana kweupe, kisha ikakaa nayo mezani. Sisi tulikuwa kati ya 35 zilizojizuia, pamoja na Uganda na Burundi. Kujizuia kuna heshima yake, lakini hakumpi mtu ufunguo.

Ufunguo tuliwahi kuwa nao. Desemba 1965 Mwalimu Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi wazungu walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaenda na maji. Zambia ilikuwa imebanwa kusini, njia ya kwetu ikawa pumzi yake: bomba la mafuta mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA. Mwaka 1976, kabla sijapanda meli yoyote, nilikuwa kibarua bandarini Dar. Shaba ya Zambia ilifika kwa mabehewa, nasi tulikesha tukiipakia. Asubuhi viganja vilinuka shaba mpaka kwenye uji.