Unaanza Baiolojia Chuoni? Anza na Chumvi

Vyuo vingi hufungua Oktoba na Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto huku kwetu Mtwara. Kila mwaka majirani huniletea vijana wao wanaoingia mwaka wa kwanza. Shikamoo ikishaitikiwa, swali ni lile lile: "Dada, nianzie wapi?" Nami huwatuma jikoni.

Mimi nilianza vibaya. Kwenye jaribio la kwanza la seli nilipata alama 9 kati ya 30, na usiku wake nilikuwa nimekesha. Nilikuwa nimemeza madesa yote: osmosisi, haipatoniki, haipotoniki, isotoniki, maana zake neno kwa neno kwa Kiingereza. Lakini swali halikutaka maana. Liliuliza kwa nini samaki aliyetiwa chumvi hachelewi kukauka wala haozi upesi. Mtoto wa Mikindani, niliyelelewa kwa ng'onda, samaki wakavu wa chumvi, nikaacha nafasi wazi.

Jumamosi ile nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa anapasua samaki, anawasugua chumvi ndani na nje, anawapanga kwenye beseni kavu. Kufika alasiri beseni lilikuwa na maji chini, na hakuna aliyeyamimina. Nilichutama nikayatazama kwa muda mrefu. Maji yale yalitoka kwenye nyama ya samaki. Chumvi ilikuwa nyingi nje kuliko ndani ya seli, basi maji yakavuka utando wa seli kufuata upande wenye chumvi nyingi: hiyo ndiyo osmosisi. Bakteria wanaotua pale nao hunyang'anywa maji vivyo hivyo, wakashindwa kuzaliana. Haipatoniki ni ule upande wa chumvi nyingi. Sijawahi kuchanganya tena na haipotoniki, upande wa chumvi kidogo, ingawa yanatofautiana kwa herufi moja tu; na isotoniki ni pande zote mbili zikiwa sawa.

Kwa hiyo kabla hujafungua kitabu, kata kiazi mbatata vipande viwili vyenye urefu sawa, uvipime kwa rula. Kimoja kiweke kwenye maji ya kawaida, kingine kwenye glasi ya maji yenye vijiko vitatu vya chumvi. Asubuhi vishike. Kimoja kitakuwa kigumu, kinavunjika kwa mlio. Kingine kitapinda kama mpira. Pima tena. Andika ulichokiona kwa Kiswahili chako mwenyewe, kisha ndipo utafute neno la Kiingereza la kukibandika. Ukianza na neno, utalibeba mpaka mtihani bila kujua limebeba nini.

Na ukipita ufukweni, chuma jani la mchu ulambe upande wa juu. Lina chumvi. Mti ule husimama kwenye maji ya bahari na huitoa chumvi ya ziada kupitia tezi za majani yake. Mkoko wenye mizizi iliyopinda kama matao huwahi mapema zaidi: sehemu kubwa ya chumvi huizuia mizizini. Mada moja, majibu mawili, na yote yako pwani yetu.

Hadubini nayo inataka subira. Kikundi chetu kilikuwa na watu wengi kwa hadubini moja, na waliozoea ndio waliorekebisha lenzi. Sisi wengine tulichungulia sekunde mbili tukanakili mchoro wa mwenzetu. Usikubali hilo. Omba zamu yako ya kutengeneza slaidi mwenyewe. Bandua ngozi nyembamba kabisa ya kitunguu, ile inayopitisha mwanga, itandaze kwenye tone la maji, dondoshea iodini, kisha laza kioo cha kufunikia taratibu kuanzia ukingo mmoja ili hewa isinaswe. Miduara yenye ukingo mweusi mzito ni mapovu ya hewa. Mimi niliwahi kuichora nikidhani ni seli. Anza na lenzi ndogo. Utaona vyumba vimepangwa kama matofali, na ndani ya kila kimoja doa lililokolea rangi: kiini. Robert Hooke alipotazama gome la mti wa koki mwaka 1665 aliona kuta tupu, kwa kuwa seli zile zilikuwa zimekufa. Wewe unaona zaidi ya alichoona yeye siku ile.

Mada nyingine zitakuja. Kwenye nishati, jihadhari na kosa moja linalowaangusha wengi: mmea hupumua mchana na usiku, hausubiri giza, mchana hufanya na usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, juu yake. Kwenye urithi, chora kromosomu, nyuzi za ndani ya kiini zinazobeba urithi, kwa mkono wako hatua kwa hatua, maana kusoma tu mgawanyiko wa seli hakutoshi.

Uainishaji wengi huuona mkavu. Mimi huuanza na bibo. Humpa kijana bibo na korosho yake nikamwuliza tunda ni lipi, naye hunionyesha lile la njano lenye maji. Kumbe lile ni kikonyo cha ua kilichovimba. Tunda la kweli ni korosho yenyewe na ganda lake, na tunachotafuna ni mbegu iliyomo ndani. Wapo waliokulia chini ya mikorosho wakanibishia, nami hufurahi, kwa sababu hapo huchukua kisu na kulipasua wenyewe.