Barua kwa mwanangu: hiyo postdoki (kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD) uliyoniuliza

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho niko jikoni mpaka maharage yakaungua. Unauliza, "Mama, Argonne wamenipa postdoki, mkataba mwaka mmoja, wanaweza kuongeza mpaka mitatu, niende au nirudi nyumbani nifundishe chuo?" Mi nilikuwa mtu wa kuosha vioo vya maabara na kupima pH tu, ila mikataba ya mwaka mmoja hapo hunidanganyi.

Kwanza hongera sana. Argonne, maabara ya taifa ya Wamarekani tangu 1946, sio mchezo. Mdogo wako kanionyesha kwenye simu hiyo pete yao ya eksirei, mashine ya duara inayotoa miale mikali ya kuchungulia ndani ya vitu, hapo Lemont karibu na Chicago, mzunguko mita 1,104, yaani ukiizunguka kwa mguu chai uliyoacha mezani imeshapoa. Na 2023 waliizima wakang'oa ya zamani wakafunga mpya, 2024 ikawashwa tena, kwa hiyo unakuta mashine bado mpya mpya na wewe na utafiti wako wa betri unaweza kuichungulia betri kwa ndani huku inachajiwa. Hapo hata mimi nimetamani.

Ila sasa. Pale watu wanatoka kila kona ya dunia kuja kutumia hiyo miale, kila mmoja kapewa siku zake chache, mashine inapiga kazi usiku na mchana, na mgeni sampuli yake ikigoma saa tisa usiku anaamshwa nani? Utajikuta umekuwa mwenyeji wa wageni, unawafungia vitu vyao, halafu jina lako linatokea la saba kwenye pepa ya mtu, mwaka huo umekwisha. Kwa hiyo kabla hujasaini muulize huyo bosi, kwa mdomo sio kwa imeili, siku ngapi za mashine zitakuwa za kazi yangu mwenyewe, na waliokaa kwenye kiti hiki kabla yangu saa hizi wako wapi? Akianza kuzunguka zunguka ujue ameshakujibu.

Hela mara nyingi wanalipa kuliko chuo, sawa. Lakini kufundisha karibu hakuna, na ukirudi huku watakuuliza umewahi kusimama mbele ya darasa? Tafuta hata kipindi kimoja mahali. Na viza, kama ni J-1, ile ya wageni wa kubadilishana, angalia makaratasi kama lile sharti la kurudi nyumbani miaka 2 linakuhusu, usije kulijua siku unataka kubadilisha.

Mi ningeenda. Ila unakumbuka tulivyokaa bila friji? Hela haikukosekana kihivyo, ni mimi, kila Juni nasubiri barua ya kuongezewa mkataba nasema ngoja kwanza, labda mwaka huu hawaongezi, nikasema hivyo miaka tisa, samaki nanunua wa kula siku hiyo hiyo. We usiishi hivyo. Nunua kitanda wiki ya kwanza, na ukifikisha miezi sita anza kutafuta kazi inayofuata hata kama bosi anakuchekea.

Ukishaongea naye nipigie, ila sio saa nane usiku ya huku kama juzi, baba yako alidhani kuna msiba.

Mama