Kabla ya kunywa dawa ya kuwasha uvimbe wa ubongo

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Uingereza. Mgonjwa Mswahili akipangiwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo, mara nyingi naitwa nikae naye kidogo. Swali la kwanza huwa ni kuhusu kile kikombe cha dawa anachopewa anywe kabla ya upasuaji.

"Mwanangu, hii ndiyo dawa yenyewe?"

Hapana, mzee. Hii ni ya kumwonyesha daktari pa kukata.

Ni unga wa asidi ya aminolevulini uliokorogwa kwenye maji, hunywewa muda wa saa tatu hivi kabla ya usingizi wa upasuaji. Seli za glioma kali (glioma ni uvimbe unaoanzia kwenye ubongo wenyewe) huugeuza kuwa kemikali iitwayo protoporfirini, na kuilimbikiza kuliko seli zenye afya. Taa kubwa zikizimwa, darubini ikiwashwa mwanga wa buluu, uvimbe unawaka mwekundu kama kaa. Pembezoni wekundu unafifia kuwa pinki, na hapo ndipo penye kazi, maana kwa taa ya kawaida sehemu hiyo huitofautishi na ubongo wenye afya. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2006, uvimbe ulioonekana kwenye picha uliondolewa wote kwa 65% ya waliokunywa dawa hii, na 36% ya wasiokunywa.

Lakini muulizeni daktari: uvimbe wangu ni wa aina gani? Glioma za daraja la chini, yaani zile zinazokua polepole, mara nyingi haziwaki kabisa, na saratani ikawa ipo. Jibu kamili hutoka kwenye kinyama kinachopelekwa maabara. Tena kuna kinachowaka lakini daktari anakiacha kwa makusudi, kwa sababu kimekaa panapotawala usemi au mkono.

Baada ya kunywa dawa hii ngozi na macho havitaki mwanga mkali kwa saa 24 au zaidi, hospitali itawaambia. Funga pazia. Mafuta ya kawaida ya kuzuia jua hayasaidii, na ngozi yetu nyeusi nayo inaungua. (Nimeshamtoa wodini shemeji mmoja aliyemmulika mgonjwa tochi ya simu ili "aone kidonda vizuri".)

Tajeni pia kila dawa mnayotumia, za mitishamba zikiwemo. Wengi mnasahau doksisaiklini, ile ya kujikinga na malaria ambayo mtu huendelea kuimeza wiki nne baada ya kurudi kutoka nyumbani. Nayo huifanya ngozi iungue kwa mwanga, kwa hiyo daktari aijue kabla kikombe hakijaletwa.