Selimundu bwenini: mambo ya kukubaliana na shule mapema

Wazazi wanaoniuliza kuhusu kumpeleka shule ya bweni mtoto mwenye selimundu huanza karibu wote kwa kutaka kujua kama walimu wa shule fulani wana huruma. Mimi niliyezaliwa na ugonjwa huu, na kusoma sekondari bwenini hapa mkoani Dodoma, ningependa waanze na swali jingine: ni nani hasa atakayejua la kufanya mtoto akishikwa na maumivu saa nane usiku, na je, amepewa maelekezo hayo kwa maandishi? Huruma nimeikuta kwa walimu wengi, lakini nimeona pia inavyochoka kabla ya muhula kufika katikati, hasa kwa mwanafunzi ambaye juzi alikuwa akicheka na wenzake, jana akashindwa kunyanyuka kitandani, na leo amesimama mstarini kama mtu asiyeumwa chochote.

Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo. Chembe nyekundu za damu zinapokosa umbo lake la kawaida na kuwa ngumu, huziba mishipa midogo, na sehemu isiyofikiwa na oksijeni, iwe mgongo, kifua au mifupa ya miguu, huuma vibaya mno pasipo kuonyesha jeraha lolote. Maumivu hayo yanaweza kupita baada ya saa chache au yakakaa siku kadhaa. Mwalimu ambaye hajaelezwa haya huona mtegaji, na sitamlaumu sana, kwa kuwa darasani ana wanafunzi wengi na wategaji wa kweli nao wapo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mazungumzo na shule yafanyike siku ambayo mtoto ni mzima, ikiwezekana siku ile ile ya kuripoti. Fomu ya uchunguzi wa afya inayoambatana na maelekezo ya kujiunga haitoshi, maana ikishapokelewa huingia kwenye jalada la mwanafunzi na mara nyingi haitazamwi tena. Andaeni karatasi moja, yenye lugha nyepesi, ikiwa na barua ya daktari nyuma yake, na nakala zake zifike kwa mkuu wa shule, mwalimu wa darasa, na matroni au patroni. Nakala nyingine iwekwe kwenye faili la mwalimu wa zamu. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, ilhali mwalimu wa zamu hubadilika kila wiki na ndiye anayeamua nani akimbie mchakamchaka na nani abaki.

Karatasi hiyo isieleze historia yote ya ugonjwa. Ieleze yanayochochea maumivu na ruhusa zinazotakiwa ili kuyazuia. Upungufu wa maji mwilini, baridi na uchovu mkubwa ndivyo vichochezi vinavyojulikana zaidi, na mazingira yetu ya Dodoma yana vyote vitatu: ukame, shule zinazosubiri boza la maji, na ule upepo wa Juni na Julai unaopenya bwenini alfajiri. Mimi niliruhusiwa kuwa na dumu la lita tano chini ya kitanda na chupa ya maji juu ya dawati, nikaruhusiwa pia kuvaa sweta la ziada na kuoga mchana badala ya alfajiri. Ruhusa ya kwenda chooni wakati wa kipindi iandikwe wazi, kwa sababu figo za wengi wetu hushindwa kubakiza maji mwilini, na mtu anayetakiwa kunywa sana atatoka mara nyingi. Mtoto akikatazwa kutoka, ataacha kunywa, na hapo ndipo maumivu huanzia. Adhabu nazo zitajwe: kupiga magoti juani, kuruka kichura na kuchota maji kwa ndoo nyingi si adhabu za kumpa mwanafunzi wa aina hii, ingawa kumwagilia bustani au kufuta ubao anaweza kabisa, na afanye.

Halafu ziandikwe dalili ambazo hazisubiri asubuhi. Homa ya nyuzi 38 na kuendelea, kifua kubana au kupumua kwa shida, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto penye bandama, kichwa kuuma vikali kusiko kwa kawaida, na mkono, mguu au upande wa uso kulegea, zote ni safari ya hospitali usiku huo huo. Kwa wavulana kuna jingine ambalo aibu hulificha: uume kusimama kwa muda mrefu huku ukiuma. Likidumu kwa muda wa saa nne ni dharura, na patroni anapaswa kuambiwa na mzazi mapema, kwani kijana hatalisema mwenyewe kwa mara ya kwanza akiwa katikati ya maumivu.

Safari hiyo ya usiku ina mambo madogo yanayokwamisha kuliko ugonjwa wenyewe. Nimewahi kufikishwa hospitali mjini wakati kadi yangu ya bima iko kabatini nyumbani Kongwa. Kubalianeni kadi itunzwe na nani, nauli ya dharura ikae kwa nani, na ni namba zipi mbili za simu zitakazopokelewa usiku. Dawa nazo zina utata wake, kwa sababu shule nyingi hazitaki dawa kwenye matranka. Hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu, lakini wengi wetu bado tunaishi kwa foliki asidi na haidroksiyurea za kila siku, kwa hiyo matroni akizitunza, ni lazima ijulikane zinatolewa saa ngapi na nani hushika ufunguo siku ambayo yeye hayupo.

Kuhusu wanafunzi wenzake, mtoto aamue mwenyewe nani ajue. Kuna mwalimu aliyenitaja mstarini kwa nia njema kabisa, akawataka wote wanihurumie, na kwa wiki kadhaa baadaye kila aliyeona manjano machoni mwangu alinisogelea kuuliza kama anaweza kuambukizwa. Huu ni ugonjwa wa kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili na hauambukizi, lakini maelezo hayo yanakaa vizuri zaidi kwenye somo la baiolojia kuliko mgongoni mwa mwanafunzi mmoja. Rafiki wa dawati moja na mwingine wa kitanda cha jirani, wanaojua kumwita matroni, walinitosha.

Upande wa masomo, ombeni utaratibu wa majaribio yanayopitwa. Alama za maendeleo hutumwa Baraza la Mitihani, na sifuri ya siku ya kulazwa huhesabika sawa na sifuri ya uzembe iwapo hakuna aliyepeleka cheti cha hospitali kwa mwalimu wa taaluma. Mtoto akifika kidato cha pili, mwacheni akipeleke mwenyewe na aeleze kwa mdomo wake alikuwa na nini, mzazi akiwa nyuma yake tu. Na kila Januari karatasi ile ipelekwe upya, pamoja na barua mpya ya daktari kama dawa zimebadilika, kwa sababu walimu huhamishwa na matroni mpya hana namna ya kujua aliyoambiwa yule wa zamani.